Deftones: vijana wa Sacramento na rafiki waliyemsubiri

Mzee wa Kanda
Wakuu, salaam.

Jukwaa hili limejaa nyuzi za bongo fleva, rumba na taarabu, na zote nazisoma. Leo naomba niwaletee bendi ya Marekani ninayoisikiliza tangu niko kidato cha pili: Deftones. Wanapiga metali, yaani roki nzito ya magitaa, na wengi mkisikia neno hilo mnawaza kelele na watu waliojipaka masizi usoni. Nawaomba mnivumilie, maana hiki ni kisa cha vijana wa mtaa mmoja waliokua pamoja, wakagombana, wakauguza mwenzao, wakamzika, na mpaka leo wako jukwaani.

Mimi nilitambulishwa kwao na kaka yangu. Alikuja likizo na CD ya kuchoma yenye nyimbo za albamu ya filamu ya The Matrix, ile ya 1999. Ndani yake mlikuwa na "My Own Summer (Shove It)". Mwimbaji ananong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, halafu ghafla koo linapasuka. Niliurudia wimbo ule mpaka betri za redio zikaisha, na kesho yake nikatumia hela ya soda kununua nyingine.

Haya, twende Sacramento, makao makuu ya jimbo la California. Si Los Angeles wala San Francisco. Ni mji wa maofisi na mashamba, ambao watu wa muziki walikuwa wanaupita tu njiani. Hapo kuna sekondari inaitwa McClatchy, na walisoma hapo Stephen Carpenter, Abe Cunningham na Camillo Wong Moreno, ambaye dunia nzima inamwita Chino.

Stephen alipokuwa na miaka 15 aligongwa na gari akiwa kwenye ubao wake wa magurudumu. Akakaa miezi kwenye kiti cha kusukumwa, na humo ndimo alimojifunza gitaa, peke yake, kwa kufuatisha bendi za metali za Metallica na Anthrax. Chino alikuwa na masikio mengine kabisa. Yeye alipenda The Cure, Depeche Mode na Duran Duran, waimbaji wa Kiingereza wenye huzuni na vinanda. Alipojua kwamba Stephen anapiga gitaa, akamwunganisha na Abe mpiga ngoma, wakaanza kufanya mazoezi kwenye gereji ya kina Stephen. Ilikuwa 1988.

Shikeni hapo. Mmoja anataka uzito wa chuma, mwingine anataka machozi ya The Cure. Kila kitu nitakachowaeleza huku chini kinatoka kwenye mvutano huo.

Kipanga Mweusi
Nimevuta kigoda, mkuu. Shusha.

Mzee wa Kanda
Tuendelee.

Jina alilitunga Stephen. Alichukua "def", neno la mitaani la watu wa hip hop lenye maana ya kitu kikali, akaliunganisha na "tones", mkia uliokuwa kwenye majina ya vikundi vingi vya miaka ya 1950. Hip hop na wazee wa zamani kwenye jina moja.

Mpiga besi wa mwanzo hakudumu. 1990 akaingia Chi Cheng, kijana wa asili ya Kichina, mzaliwa wa Davis, jirani tu na Sacramento. Huyu mshikeni vizuri. Jukwaani alikuwa na rasta ndefu zinazoruka, na zile kelele za nyuma mnazozisikia kwenye rekodi za mwanzo nyingi ni zake. Nje ya jukwaa alikuwa mshairi. Mwaka 2000 alitoa albamu ya mashairi ya kusomwa, bila bendi, iitwayo The Bamboo Parachute.

Abe naye aliondoka kwa muda akapige na kundi jingine, akarudi 1993. Baadaye wakaitwa kupiga nyimbo tatu mbele ya wakubwa wa Maverick, kampuni ya muziki ya Madonna. Tatu tu, na mkataba ukapatikana.

Albamu ya kwanza, Adrenaline, ilitoka Oktoba 1995. Waliirekodi Seattle na prodyuza Terry Date, aliyekuwa ametengeneza rekodi za bendi za Pantera na Soundgarden. Haikulipuka. Redio hazikuwagusa sana, kwa hiyo wakazunguka na gari mji kwa mji, ukumbi kwa ukumbi. Iliwachukua mpaka 1999 albamu ile kufikisha nakala 500,000 na kupewa dhahabu. Miaka minne ya jasho! Leo mtu akikosa watazamaji wiki ya kwanza anasema karogwa.

1997 wakatoa Around the Fur. Humu ndimo ulimo ule wimbo wa kaka yangu, pamoja na "Be Quiet and Drive (Far Away)", ambao kwangu ndio wimbo wao wa kwanza ambapo Stephen na Chino wanashinda wote wawili kwa wakati mmoja: gitaa ni ukuta, na sauti inaelea juu ya ukuta kama tiara. Humo pia mna "Headup", walioimba na Max Cavalera, Mbrazili aliyekuwa kwenye bendi ya Sepultura. Waliutunga kumkumbuka mtoto wa kambo wa Max aliyefariki 1996. Kwenye kiitikio wanaimba neno "soulfly", na Max akalichukua neno hilo hilo likawa jina la bendi yake mpya.

Rasi Mwita
Mkuu, heshima yako, ila tuseme ukweli. Hawa walikuwa kivuli cha bendi ya Korn. Enzi hizo za nu-metali wote walivaa suruali pana, wote walichanganya kufoka na gitaa la kushushwa chini. Deftones, Korn, Limp Bizkit, mimi nawaweka kapu moja.

Mzee wa Kanda
Ndugu Mwita, karibu, hoja yako ni ya haki na wapo wengi wanaoisema hata huko Marekani.

Urafiki na Korn ulikuwepo kweli. Chino aliimba nao "Wicked" kwenye albamu yao ya 1996. Bendi zote mbili ni za California, umri unakaribiana, na hadhira ilikuwa moja. Lakini kapu hilo la nu-metali Chino alilikataa tangu mapema, na ushahidi ni walichofanya lilipokuwa limejaa hela. Mwaka 2000 kila kampuni ilitaka suruali pana na kufoka. Wao wakatoa White Pony.

White Pony ilitoka tarehe 20 Juni 2000, siku ambayo Chino anatimiza miaka 27. Frank Delgado, dijei aliyekuwa akishirikishwa kwenye rekodi za nyuma, sasa akawa mwanachama kamili. Lakini hakukwaruza santuri kama madijei wa bendi nyingine za wakati ule. Kazi yake ilikuwa kutandaza sauti za chini kwa chini, kama moshi. Sikilizeni "Digital Bath". Abe anaanza na ngoma inayochechemea, Chino anaingia taratibu, na unakaa unasubiri kelele huku moyo unakudunda. Sikilizeni "Passenger", aliyoimba na Maynard James Keenan wa bendi ya Tool: sauti mbili zinapokezana kama dereva na abiria kwenye gari moja usiku. Halafu "Change (In the House of Flies)", habari ya mtu anayemtazama mwenzake akigeuka nzi.

Wiki ya kwanza iliuza nakala 178,000 hivi na kuingia namba 3 kwenye chati ya Billboard. Mwaka uliofuata wimbo "Elite" ukawapa tuzo ya Grammy ya utumbuizaji bora wa metali.

Na hapa ndipo penye jambo linaloniuma mpaka leo. Kampuni ilitaka wimbo wa kuuza. Albamu inafungwa na "Pink Maggit", wimbo mrefu, wa polepole, wenye giza. Chino akachukua kiini chake, akakitengeneza wimbo mfupi wa kufoka ili kuwaonyesha wakubwa jinsi kitu hicho kilivyo rahisi. Wakubwa wakaupenda! Wakaupa jina "Back to School (Mini Maggit)", wakaitoa albamu upya Oktoba 2000 na kuuweka wa kwanza. Yaani mtu amejenga nyumba, wewe unakuja kumtundikia kibao cha duka mlangoni. Chino mwenyewe amesema baadaye kwamba lilikuwa kosa. Mkiitafuta albamu hii, tafuteni ile inayoanza na "Feiticeira".

Fundi Gitaa
Naomba niongeze kitu kwa wanaopiga ala. Mimi ni mpiga gitaa wa kanisani, na nilianza kumfuatilia Stephen kwa sababu ya nyuzi.

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Kwenye White Pony Stephen alishika la nyuzi 7, ambalo linaongeza uzi mnene chini. Kwenye albamu ya Diamond Eyes akaenda 8. Ohms ya 2020 akashika la nyuzi 9. Ukifika huko chini, gitaa linaingia kwenye eneo la besi, na mpiga besi inabidi afikirie upya akae wapi. Ndiyo maana kila alipoongeza uzi, bendi nzima ilihama kidogo.

Jambo la pili: kuanzia White Pony, Chino naye akashika gitaa. Hilo lilileta vita. Fikiria wewe ndiye mpiga gitaa pekee kwa miaka kumi na zaidi, leo mwimbaji anakuja na la kwake na mawazo yake. Lakini sikio langu linasema vita ile ililipa. Stephen anapiga mapigo mafupi ya chini, mkono wa kulia unaziba nyuzi. Chino anaacha chodi zilie juu bila kuzizuia. Kwaya yetu ina magitaa mawili na tulikuwa tunagongana kila Jumapili, mpaka nilipowaeleza vijana mgawanyo huu: mmoja akae chini afunge, mwingine akae juu aachie. Tulirudia pambio moja kwa mtindo huo, na mwalimu wa kwaya akauliza tumeongeza kinanda.

Wanaosema wanapiga kelele wamsikilize Abe. Kati ya pigo na pigo kuna vipigo vidogo sana kwenye ngoma ya pembeni, karibu havisikiki. Ukiviondoa, wimbo unakufa.

Mzee wa Kanda
Fundi, ubarikiwe. Hilo la magitaa mawili nilikuwa nalisikia bila kuwa na maneno yake.

Baada ya White Pony mambo yakawa mazito. Mei 2003 wakatoa albamu yenye jina la bendi yenyewe, ikaingia namba 2 Marekani. Ni nzito mno, na "Minerva" ni mzuri ajabu, lakini ukisikiliza unasikia watu waliochoka. Ile iliyofuata, Saturday Night Wrist, ilikaribia kuwaua. Walianza na Bob Ezrin, prodyuza aliyesimamia The Wall ya Pink Floyd. Kazi haikwenda. Chino akaondoka katikati kwenda kufanya ziara na kundi lake la pembeni, Team Sleep. Watu wa bendi moja wakawa wanarekodi vipande vipande, kila mtu na saa yake, hawakai chumba kimoja. Sauti za Chino zikamaliziwa na prodyuza mwingine, Shaun Lopez. Ikatoka tarehe 31 Oktoba 2006.

Mimi ile albamu naipenda kuliko wengi wanavyoipenda. Ila inasikika kama barua za ndugu wasiosalimiana.

Binti Chumbageni
Shikamoo mzee. Nimesoma kimya kimya tangu juu. Kichwa cha uzi kinasema rafiki waliyemsubiri. Ni yule Chi?

Mzee wa Kanda
Marahaba, mwanangu. Ni yeye.

2008 walikuwa wamekaa pamoja tena, wakarekodi albamu waliyoiita Eros. Ilikuwa inakaribia kukamilika. Tarehe 4 Novemba mwaka huo Chi alipata ajali ya gari huko Santa Clara, California. Hakuwa amefunga mkanda, akarushwa nje ya gari. Wahudumu wa dharura waliokuwa nje ya zamu walipita pale, wakamsaidia mpaka gari la wagonjwa likafika. Uhai ukabaki, fahamu hazikurudi.

Mnajua kuuguza mgonjwa wa aina hiyo? Anafumbua macho lakini humpati. Gharama hazina mwisho. Wanamuziki wakachanga. Fieldy, mpiga besi wa Korn (ndugu Mwita, hapa nawapa Korn heshima yao yote), alikusanya watu wa bendi kadhaa wakatengeneza wimbo wa kumchangia. Novemba 2009 kukawa na maonyesho ya hisani Los Angeles. Mashabiki wakatuma walichokuwa nacho.

Bendi ikabaki na swali: Eros ifanywe nini? Besi ya Chi imo ndani. Kuitoa wakati mwenyewe yuko kitandani? Wakaiweka kabatini. Wakamwita mpiga besi Sergio Vega wa bendi ya Quicksand, rafiki wa siku nyingi aliyewahi kumshikia Chi nafasi 1999. Wakaingia chumba kimoja wote watano, kama zamani kwenye gereji, wakatunga upya kila kitu pamoja na prodyuza Nick Raskulinecz. Mei 2010 ikatoka Diamond Eyes.

Ungetegemea albamu ya msiba. Si ya msiba. Ina nguvu, ina mwanga, ina "Sextape", ambao ni kama mawimbi ya usiku yanayorudi ufukweni. Mimi naamini walijikumbusha kwamba muda wa kununiana haupo. Mtu uliyegombana naye jana kuhusu gitaa leo anaweza asiamke.

2012 wakatoa Koi No Yokan. Ni msemo wa Kijapani: kukutana na mtu na kuhisi kwamba huyu nitakuja kumpenda, haiepukiki. Sergio alikuwa ameshazoea kiti, Stephen na Chino wameelewana, na "Rosemary" na "Tempest" zinatiririka bila haraka.

Tarehe 13 Aprili 2013 moyo wa Chi ulisimama. Alikuwa na miaka 42. Alilala miaka 4 na miezi 5. Muda wote huo hawakumtoa kwenye mioyo yao, na kila alipohojiwa, Chino alimzungumzia kama mtu anayetarajiwa kurudi. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, akaweka mtandaoni wimbo mmoja kutoka Eros, "Smile". Albamu nzima bado haijatoka.

Kipanga Mweusi
Nimeuguza mama yangu kiharusi, kitandani miaka miwili. Tulikuwa tunamwekea redio na nyimbo zake za Marijani kila jioni, hatujui anasikia au la. Nimesoma hapo kwenye Eros kuwekwa kabatini nikaelewa kabisa. Zile kanda za mama mpaka leo hakuna anayezigusa nyumbani, na hakuna aliyetoa amri.

Mzee wa Kanda
Pole sana, ndugu yangu. Mungu ampumzishe mama.

Nimalizie miaka ya karibuni kwa haraka kidogo.

Gore ilitoka Aprili 2016, ikaingia namba 2 Marekani. Hapa mvutano wa zamani ukarudi hadharani: Stephen alisema wazi kwenye mahojiano kwamba mwanzoni hakutaka kupiga kwenye albamu ile, haikuwa mwelekeo wake. Kuna solo kwenye "Phantom Bride" iliyopigwa na Jerry Cantrell wa Alice in Chains. Kuanzia 2018 wakaanzisha tamasha lao wenyewe San Diego, Dia de los Deftones. Septemba 2020, katikati ya korona, wakatoa Ohms, na wakamrudia Terry Date wa siku za mwanzo. Sergio akaondoka, habari ikatangazwa 2022, na kiti cha besi kwenye ziara akakishika Fred Sablan. Mwaka huo huo Stephen akaacha kusafiri nje ya Marekani Kaskazini. Amezungumza kwa uwazi kuhusu hofu inayomkaba akisafiri mbali, na kuhusu kisukari alichogundulika nacho. Bendi ikiwa Ulaya, mtu mwingine anamshikia gitaa. Hawakumtafutia mrithi.

Na Agosti 22, 2025 wakatoa albamu mpya, private music, tena na Raskulinecz. Wimbo wa mbele, "My Mind Is a Mountain", haujafika hata dakika tatu na umebeba kila kitu.

Kitu cha ajabu ni kwamba sasa hivi kumbi zao zimejaa watoto waliozaliwa baada ya White Pony. Waliwakuta TikTok, kwenye vipande vya "Sextape" na "Cherry Waves" ya Saturday Night Wrist. Albamu ile ya ndugu wasiosalimiana nayo imewaletea wajukuu.

Rasi Mwita
Nimerudi. Nilikwenda kusikiliza White Pony yote, ile inayoanza na "Feiticeira" kama ulivyoelekeza. Nawatoa kwenye kapu. Around the Fur bado naiona ina harufu ya Korn, hapo sitoki. Lakini "Passenger" nimeirudia mara nne. Gore nayo nimejaribu, nikaona Stephen alikuwa na haki ya kununa, gitaa limezikwa.

Mzee wa Kanda
Kwenye Gore tunakubaliana nusu. Sikiliza "Prayers/Triangles" kwa vipokea sauti vya masikioni, si spika ya simu, halafu tuzungumze.

Binti Chumbageni
Mzee, mimi si mtu wa kelele kabisa. Nasikiliza taarabu na Sade. Nianzie wapi?

Mzee wa Kanda
Mwanangu, umeshafika bila kujua. Deftones wameimba "No Ordinary Love" ya Sade. Ipo kwenye B-Sides & Rarities ya 2005, Chino akisaidiwa na Jonah Matranga, mwenzao wa Sacramento. Hawakuigeuza kuwa metali, wameiacha na utulivu wake. Anzia hapo. Ukimaliza, nenda "Sextape", kisha "Digital Bath". Ukifika kwenye kelele, utakuwa umeshajua zinatoka wapi.

Binti Chumbageni
Nimesikiliza ya Sade mara mbili, nikiwa naosha vyombo. Mama kaja jikoni akasimama mlangoni, akauliza nani huyu mwanamume anayeimba kama ana homa. Nikamwambia ni Chino, wa Sacramento. Akavuta stuli akakaa. Sasa tuko "Digital Bath", na amesema nisipunguze sauti.